Kitanda cha Mnara wa Tatu

Taa ya Jicho iligeuka manjano asubuhi, watu wa Lumeke wakiwa kwenye chai, na kabla vikombe havijaisha matusi yalikuwa yameshafika langoni mwa mtambo wa umeme. Watu hawa ni wepesi wa kushukuru na wepesi zaidi wa kutukana. Taa ile pale sokoni ikiwa kijani, mfanyakazi wa mtambo hapangi foleni dukani wala hakosi kiti kanisani. Ikiwa manjano, mama yule yule aliyekupunguzia bei ya maharage jana anakuuliza mbele za watu kama mnalipwa mshahara kwa kulala.

Nyekundu ilikuwa haijawahi kuwaka Lumeke. Iliwaka Mtuwe, wilaya jirani, miaka miwili nyuma. Jicho ni chombo kinachozunguka juu ya dunia kikisoma kila bomba la moshi, na kikiona hewa ukaa imezidi kiwango cha Mkataba wa mataifa kinakata umeme wa wilaya nzima kwa mwezi mmoja, palepale, bila kupiga simu na bila kuuliza nani amelazwa hospitalini. Swichi haiko mikononi mwa mtu yeyote unayeweza kumpigia magoti. Huko Mtuwe, mwezi ule ulipokuwa unakwisha, padri alikuwa ameshazoea kusoma misa moja kwa majeneza kadhaa.

Ndani ya lango, Leokadia Ndunguru alikuwa amesimama kando ya mizani akiwapima wakanyagaji, wanawake wanaosawazisha mkaa wa minara kwa nyayo. Alikuwa mkuu wa zamu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye sauti ya kusimamisha lori, lakini asubuhi hiyo aliibana sauti hiyo kwa sababu aliyekuwa amepanda mizani ni binti yake.

"Shuka. Umepungua tena."

"Si ndivyo mnavyotaka, Mkuu?" Eustakia alijibu, akajifunga kanga yake upya. Kazini hakumwita mama. Alianza mchezo huo siku ya kwanza alipoajiriwa, kwa utani, na utani ukaisha bila jina kubadilika.

Mkanyagaji haruhusiwi kuzidi kilo arobaini na tano. Kampuni ilikuwa na sababu zake, na sababu hizo zilikuwa za kweli, jambo ambalo liliwafanya watu washindwe hata kuzikasirikia. Eustakia alibeba mimba akiwa kwenye kazi hiyo. Aliificha kwa kujifunga kanga kama anayefunga mzigo wa kuni, akaishi kwa uji mwepesi na chai ya rangi, na kila asubuhi alipanda mizani mbele ya mama yake mzazi, na mama yake mzazi akaangalia namba akasema, "Pita." Mtoto alizaliwa kabla ya miezi saba, uzito wa mfuko mmoja wa sukari. Baba yake, dereva wa malori ya makaa ya mawe, alibadilisha njia wiki ile ile aliyopewa habari.

Eustakia alimwita mtoto Meinradi. Mapafu yake hayakuwa yamekomaa, kwa hiyo alilazwa hospitali ya misheni kwenye mashine ya kupumulia. Mashine zilikuwa nne kwa wilaya nzima, na kwa mapatano ya zamani mtoto wa mfanyakazi wa mtambo alitangulizwa. Mama akiacha kazi, mtoto anarudi kwenye foleni, na foleni ile hakuna aliyekuwa ameonekana akitoka mwisho wake. Ndiyo maana Eustakia alirudi kukanyaga mkaa kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka.

"Umemwona leo?" Leokadia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijapita. Nimekuja moja kwa moja nilipoona taa." Eustakia alikohoa, akatema mate meusi kwenye kitambaa. "Taa ikiwa nyekundu mwanangu anakufa. Mengine yote tutaongea jioni. Ila leo nimwagieni maji kidogo humo ndani. Jana vumbi limenikohoza hadi nikatapika."

Redio kiunoni mwa Leokadia ilikwaruza. Alikuwa Otmari Kinunda, fundi wake, akiita kutoka chumba cha mitambo. "Mkuu, mnara wa pili unavuja vibaya. Haufiki adhuhuri."

"Tunaingia wa tatu sasa hivi," Leokadia alisema.

*

Moshi wa tanuru la makaa ya mawe hauendi moja kwa moja angani. Huoshwa, hupozwa, kisha husukumwa kupitia mnara uliojazwa mkaa amilifu, yaani mkaa uliochomwa kwa mvuke hadi ukawa matundu matupu. Kijiko kimoja kikubwa cha mkaa huo, kama ungeweza kuyakunjua matundu yake yote, kingetandaza uwanja wa mpira. Hewa ukaa hunasa humo, na naitrojeni hupita ikatoka juu haina kosa. Mnara ukishiba, moshi unahamishiwa mwingine, na ule ulioshiba unakamuliwa kwa pampu na mvuke. Kinachotoka kinasindiliwa kwenye bomba na kuzikwa chini ya milima.

Minara ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulikuwa ukikamuliwa na usingekuwa tayari kabla ya alasiri. Wa pili ulikuwa umechoka. Mkaa wake ulikuwa umesagika, na moshi ulikuwa umejipatia njia za panya ndani yake. Wa tatu ulijazwa mkaa mpya jana yake na sasa ulikuwa ukingoja kukanyagwa.

Mkaa wa Lumeke ulitengenezwa kwa maganda ya kahawa, kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Ulinasa hewa ukaa vizuri kuliko mkaa wowote wa kununua, na ulivunjika kama ukoko. Kiatu kiliusaga. Mashine ya kusawazisha iliusaga zaidi. Ukisagika unaziba hapa na kupasuka pale, na moshi haujui aibu, ukiona upenyo unapita. Basi kitanda, ndivyo walivyoliita lile tabaka la mkaa, kilisawazishwa na mtu mwembamba asiye na viatu, anayetembea kwa nyayo nzima, polepole, akizunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Alifungwa kamba kiunoni, lakini kamba huchora mifereji nyuma ya mtu, kwa hiyo kila mkanyagaji akifika ukingoni aliifungua. Mwongozo ulikataza. Wakuu wa zamu wote waliangalia pembeni.

Mwongozo ulikataza pia kulowesha mkaa, na haukusema kwa nini. Leokadia alishika mpira wa maji mwenyewe. Alinyunyiza kitanda kizima kupitia tundu la juu, kama kila mwanamke wa Lumeke anavyonyunyizia gunia la mkaa jikoni ili masizi yasirukie chakula. Walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi tangu mvua za mwaka jana, na wakanyagaji walikuwa wakimshukuru. Alifurahi kwamba kulikuwa na kitu kimoja, siku hiyo, ambacho angeweza kumpa binti yake.

Siku nyingine zote, mlango wa chini wa mnara uliachwa wazi na feni ikavuta upepo mtu akiwa ndani. Lakini mlango ule una boliti nyingi, na kuzikaza kunakula muda. Leokadia alitazama taa ya manjano juu ya ukuta akaagiza mlango ufungwe kabisa mapema, ili Eustakia akitoka tu wafunike tundu la juu na kufungua moshi. Kisha akapima hewa kwa mita, mkono wake ukiwa ndani ya tundu hadi begani. Mita ilisema hewa ni nzuri, na pale ilipokuwa, ilikuwa kweli.

Eustakia akavua ndala, akashuka ngazi.

Mkanyagaji akiwa ndani huimba, na aliye juu husikiliza. Ndiyo njia waliyokuwa nayo ya kujua. Eustakia aliimba wimbo wa Bikira Maria, ule wa mwezi wa Mei, kwa sauti ya mtu anayefikiria mambo mengine. Leokadia alipiga magoti kwenye tundu na tochi, akaona nyayo ndogo zikijipanga duara ndani ya duara. Kazi ilikuwa safi. Alimwona binti yake anafika ukingo wa mashariki, anafungua kamba, anaiweka pembeni.

Ubeti wa tatu ulirukwa. Kisha Eustakia akarudia ubeti wa kwanza, akaukosea, akacheka.

"Nini?" Leokadia aliuliza.

"Miguu imekuwa mizito." Alicheka tena, kicheko cha mtu aliyekunywa. "Ngoja nikae kidogo."

"Usikae. Eusta! Geuka, njoo kwenye ngazi."

"Mama," Eustakia alisema, kwa mshangao kidogo, akakaa, kisha akalala ubavu juu ya mkaa aliokuwa ameusawazisha.

*

Otmari, aliyeitwa kwa redio, alipanda ngazi za nje za mnara mbili mbili, mtungi wa hewa mgongoni na barakoa mkononi. Alimkuta mkuu wake ameingiza kichwa na mabega ndani ya tundu, akiita. Alimvuta kwa mkanda wa suruali kabla hajatumbukia.

"Mama, utalala humo humo!"

Leokadia alikaa chini kwenye chuma. Kichwa kilikuwa kinamzunguka, na ndani ya kizunguzungu hicho alilikumbuka somo la mwaka wa kwanza chuoni, mstari mmoja tu aliousoma kwa ajili ya mtihani: mkaa amilifu mkavu hunasa hewa ukaa, uliolowa hunywa oksijeni. Kwenye mlango ulio wazi na feni inayovuta, hakuna anayegundua. Ndani ya mnara uliofungwa, hewa nzuri inabaki tundu la juu, na chini, usawa wa mtu anayetembea, inabaki hewa isiyo na kitu.

"Mimi ndiye niliyemwaga maji," alisema.

Otmari alikuwa amelala kifudifudi akimulika. "Anapumua. Naona mgongo. Kidogo sana, lakini anapumua." Akaanza kufunga mikanda ya mtungi. "Robo saa, nitakuwa nimemtoa."

"Otmari."

"Robo saa, Mama."

"Una kilo ngapi?"

Mikono yake ilisimama kwenye mkanda. Otmari alikuwa mtu mzima mwenye kifua, na mtungi ule peke yake ulikuwa nusu ya Eustakia. Angezama kwenye kitanda hadi magotini kila hatua, kwenda na kurudi, na kitanda cha mnara wa tatu kingekuwa vumbi. Wakanyagaji wenzake Eustakia walikuwa wamekusanyika chini ya ngazi, miguu mitupu, wakitazama juu. Mmoja wao angeweza kuingia. Lakini hata yeye angelazimika kumfunga mwenzake kamba ili avutwe, na mwili unaoburutwa unachimba mfereji kutoka ukingoni hadi katikati. Kukanyaga upya kungewapeleka hadi mchana.

Redio ilikwaruza. Kijana wa chumba cha mitambo alisoma namba ya mnara wa pili, na sauti yake ilipasuka mwishoni. Wilaya ilikuwa na dakika kumi kabla ya Jicho kugeuza taa, labda na kidogo juu yake.

"Tuzime tanuru," Otmari alisema. "Bila moshi hakuna nyekundu."

"Na umeme?"

Otmari alilijua jibu kama yeye. Kuzima tanuru ni kuzima wilaya, na tanuru lililopoa linahitaji siku mbili kuamka. Paneli za jua zilikuwa zimefunikwa na ukungu wa masika kwa wiki nzima. Betri za hospitali zingefika jioni kwa taabu, kama zingefika. Mtoto wa kilo moja kwenye mashine ya kupumulia asingengoja siku mbili, na mwezi mmoja ndiyo usiseme.

Leokadia alimpigia meneja kwa redio kubwa. Meneja Rwechungura alikuwa makao makuu, mbali, nyuma yake kukisikika vijiko vya chai.

"Mama Ndunguru, naona namba zako hapa. Mnara wa tatu uko tayari?"

"Kitanda kiko tayari. Kuna mkanyagaji ndani, ameanguka. Yu hai."

Vijiko vilinyamaza. "Mwongozo unasema uamuzi wa minara ni wa mkuu wa zamu."

"Naujua mwongozo. Nakuuliza wewe."

"Sina mamlaka ya kuingilia uamuzi wa zamu, Mama."

"Ni binti yangu, Meneja."

"Pole sana," Meneja alisema. "Nitaomba iwe kama sikuambiwa hilo." Redio ikakatika.

Leokadia alimchukia kwa nguvu zake zote kwa muda wa pumzi moja, kisha akamsahau, maana hakuwa na nafasi. Alichukua tochi akamulika ndani. Eustakia alikuwa amelala vile vile, shavu kwenye mkaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukisogea, vidole vikipapasa mkaa kama mtu anayetafuta shuka.

Baadaye, mbele ya watu wa wizara, Leokadia alisema kwamba aliwafikiria wananchi elfu themanini, pampu za maji, wagonjwa wa figo, na watoto wanne wa hospitali ya misheni. Alisema vizuri na walimwamini. Haikuwa kweli. Alimfikiria mtoto mmoja, kifua chake kikipandishwa na kushushwa na umeme, na akamfikiria mama yake mtoto huyo akitolewa mle ndani akiwa hai, akifumbua macho, akiuliza taa ni ya rangi gani. Alijua angelazimika kumjibu. Alijua pia kama Eustakia ndiye angekuwa amesimama hapo, angefanya nini, na kulijua hilo hakukumpunguzia kitu.

"Vua mtungi," alimwambia Otmari.

"Sivui."

"Vua. Shuka ukafungue moshi."

Otmari alisimama. Alikuwa analia bila kujificha, machozi yakichora mistari kwenye masizi. "Nimekutii miaka kumi na moja, Mama. Hili mkono wangu haumo. Nipige, nifukuze. Haumo."

"Basi kaa pembeni."

Aliliburuta lile funiko la tundu mwenyewe. Lilikuwa zito, la kuinuliwa na watu wawili. Lilipokuwa limebakiza upana wa kiganja aliweka mdomo kwenye mwanya akasema, "Eusta, ni mimi," na hakupata la kuongeza. Akalisukuma. Akakaza vishikizo sita, kimoja baada ya kingine, akivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili kama mwongozo unavyotaka, maana ukikaza vibaya funiko linavuja.

Kisha akashuka hadi kwenye usukani wa vali, chini ya macho ya wale wanawake wenye miguu mitupu. Hakuna aliyemzuia. Mmoja alifunika uso kwa kanga. Usukani ulikuwa mgumu, ulikuwa haujazungushwa tangu mkaa wa zamani utolewe, na alilazimika kuuning'inia kwa uzito wake wote ndipo ukakubali. Akasikia moshi ukiingia mnara wa tatu kutoka chini, mvumo mzito kama wa lori linalopanda mlima wa mbali.

*

Mkaa ukinasa hewa ukaa hupata joto. Ndani ya kitanda kuna vipimajoto kumi na viwili, na kwenye kioo cha chumba cha mitambo vinaonekana kama mistari inayopanda pamoja, ikionyesha kwamba moshi unapita sawasawa kila mahali. Kitanda kilikuwa kimekanyagwa vizuri ajabu. Mistari kumi na mmoja ilipanda bega kwa bega. Mmoja, wa ukingo wa mashariki, ulibaki nyuma, kwa kuwa juu yake kulikuwa na kitu kilichozuia moshi. Yule kijana wa zamu alianza kusema, "Huu mbona..." kisha akaelewa, akatoka nje mbio.

Leokadia aliuangalia mstari ule hadi ulipowafikia wenzake.

Kutoka sokoni kulisikika vigelegele. Taa ilikuwa kijani.

Meneja aliita kwenye redio kubwa kabla ya saa kupita. Sauti yake ilikuwa imepata joto. Alimpongeza kwa utulivu wake, akasema makao makuu wanajivunia, akasema rambirambi rasmi inaandaliwa. Halafu akauliza, kwa upole sana, kama ni kweli marehemu alifungua kamba mwenyewe kinyume cha utaratibu. Leokadia akasema ni kweli. Meneja akamshukuru kwa ukweli wake.

"Tutamtoa lini?" Otmari aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kuingia.

Leokadia alikuwa ameshapiga hesabu hiyo kichwani, hakuweza kujizuia, ndiyo kazi yake. Mnara wa pili ulikuwa umekufa na mkaa wake ungechukua wiki mbili kubadilishwa. Hadi hapo, wa kwanza na wa tatu ingepokezana, mmoja ukishika, mwingine ukikamuliwa, bila kupumzika. Hakuna namna ya kufungua.

"Wa pili ukipona," alisema.

"Na jioni? Jioni wa tatu utakuwa umeshiba."

"Utakamuliwa."

"Kwa mvuke, Mama? Na yeye humo?"

"Unataka nifanye nini, Otmari? Nimwache afe bure?" Sauti yake ya kusimamisha lori ilikuwa imerudi, na iliwafanya wote wawili washtuke. Otmari akavua helmeti, akaiweka sakafuni kwa uangalifu kana kwamba ni ya mtu mwingine, akaondoka. Hakurudi tena kazini.

*

Alasiri, zamu ilipokwisha, Leokadia alinawa uso na mikono hadi maji yakawa meupe, akateremka kwenda hospitali ya misheni. Njiani watu walimshika mkono. Muuza duka alitoka nje kabisa kumwambia, "Leo mmetuokoa, Mama Ndunguru, Mungu awape maisha marefu." Habari ilikuwa haijafika mjini. Wakanyagaji walikuwa bado wamekaa chini ya mnara wa tatu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwafukuza.

Alikuwa anatembea haraka. Kitu kimoja kilikuwa kimebaki mbele yake na alikishikilia: atafungua mlango wa wodi, atasikia mashine ikivuta na kusukuma, ataona kifua kile kikipanda. Hapo ndipo angejua amenunua nini. Alikuwa hajajiruhusu kulia, alijiwekea machozi yake hadi hapo.

Kwenye kona ya Meinradi, mashine ilikuwa ikivuta na kusukuma. Aliyelala ndani yake alikuwa mtoto mwingine, wa kike, mwenye kibandiko cha jina la mtu asiyemjua.

Leokadia alishika ukingo wa kitanda cha chuma, na sauti iliyomtoka haikuwa neno.

"Bibi! Shikamoo, bibi, usiogope!" Alikuwa Sista Editha, muuguzi mkuu wa wodi, mtawa mnene mwenye miwani, anakuja kutoka chumba cha pili na bunda la shuka kifuani. "Mungu wangu, nimekutisha. Huyu hapa. Huyu hapa mjukuu wako."

Akamfunulia uso. Meinradi hakuwa na bomba puani wala mdomoni. Alikuwa amekunja ndita kama mzee aliyeamshwa.

"Liko wapi bomba lake?" Leokadia aliuliza.

"Hahitaji tena!" Sista alicheka kwa furaha ya kweli. "Tumemtoa kwenye mashine alfajiri. Daktari alisema tumjaribu, naye akakataa kabisa kurudishwa. Anapumua mwenyewe tangu saa kumi na mbili, hajakosea hata mara moja. Mashine tukampa huyu wa kutoka milimani, maskini, aliletwa usiku. Tumempigia mama yake simu asubuhi nzima, tumechoka. Mnazifungia simu langoni, eti?"

"Zinafungiwa langoni," Leokadia alisema. "Kwa sababu ya cheche."

"Ndiyo nikasema. Na tazama midomo yake, tangu mchana ananyonya vidole. Yuko tayari kwa ziwa. Mwambie Eustakia akitoka asipite nyumbani, aje hivyo hivyo na masizi yake, tutamnawisha hapa. Anatoka saa ngapi?"

"Yuko zamu."

"Basi tutamngoja. Mpokee kidogo, bibi, nikamtazame huyu wa mashine."

Akamweka mtoto mikononi mwake. Leokadia alikaa kwenye kiti cha mbao. Kando yake ile mashine iliendelea kumpumulia mtoto wa watu kwa umeme wa mnara wa tatu, na alijaribu kwa nguvu zake zote kumtazama mtoto yule, alijiambia kwamba ni kwa ajili yake, ni kwa ajili ya wote wanne, na macho yake yakakataa. Yalirudi kwa huyu aliyekuwa mapajani, kwenye pua yake ndogo, kwenye kifua chake kilichokuwa kikipanda bila kusaidiwa na mtu. Akajikuta anatamani, na tamaa hiyo ilikuwa wazi na kamili, haikumpitia tu kama kivuli: alitamani kifua kile kisimame. Kwa kitambo tu. Sista aje mbio, wamtoe yule wa milimani, wamrudishe huyu kwenye mashine, iwe kwamba bila umeme angekufa.

Akangoja, akikitazama. Mtoto akaendelea kupumua.